Nakala ya Mama Raziya

Sheria ya sasa haimruhusu mtu kubaki na jeni ya ugonjwa mwilini, hata kama mwenyewe haumwi. Ndiyo maana nesi alinifuata mpaka jikoni, nikiwa nakaanga pilipili, akafungua kiboksi cha sindano.

“Mama Raziya, unayo nakala moja tu ya jeni hiyo,” alisema. “Haikudhuru, ila lazima tuisahihishe.”

“Najua. Moja yangu, moja ya baba yake Raziya. Mwanangu alizipata zote mbili.”

Kila asubuhi nilikuwa namlaza Raziya kifudifudi mapajani, nakunja kiganja kama kikombe, namgonga mgongoni mpaka makohozi mazito yalegee. Nilimgonga kwa mdundo wa ngoma ya chakacha, naye alicheka huku akikohoa. Nikimbusu kipaji cha uso, midomo yangu ilibaki na chumvi ya ugonjwa ule, kama niliyeonja mchuzi. Alikufa ana miaka tisa, dawa hazijafika kwetu.

“Na nikitaka kubaki nayo?” niliuliza.

“Ya nini, mama? Si ndiyo iliyomuua?”

Nilipandisha mkono wa dera, akanichoma. Wala haikuuma.

Alipokuwa anafunga kiboksi chake, moshi wa pilipili ulimkereketa, akaanza kukohoa. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshamwinamisha, kiganja kimekunjwa kama kikombe, namgonga mgongoni kwa mdundo uleule.

Kikohozi kilikatika. “Basi, mama, nimepona,” alisema.

Mimi sikuacha kugonga.