Kitanda cha Mama Barabarani

"Hilo kabati litoeni," Stoo alisema, na waliokuwa wamelibeba wakamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Walikuwa wamelipitisha mlangoni kwa jasho na matusi, na ndiyo kwanza wamelisimamisha katikati ya barabara.

Stoo hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Tangu kupambazuka alikuwa hatulii, mara huku mara kule, jicho kwenye saa. Asubuhi hiyo tingatinga lilikuwa linakuja kuvunja mtaa mzima kupisha barabara mpya, na nyumba ya kwanza kuangushwa ingekuwa ya mama yake, pale kwenye kona. Marehemu baba aliijenga chumba kimoja kimoja, kila alipojaliwa.

"Kabati ni mbao tu," alieleza. "Litasukumwa kama maganda mbele ya ufagio. Chimbeni mfereji hapa, mwageni maji, udongo uwe tope. Halafu nileteeni nyaya na springi za vitanda tuzifukie humo. Zikijisokota kwenye ile minyororo ya tingatinga, limekwisha."

Fundi viatu, aliyejipa ukubwa wa shughuli bila kuombwa, aliguna. Alitaka kujua mtunza stoo wa kampuni ya barabara kajifunzia wapi hayo. Mtaa wote ulijua kwamba kazi ya Stoo ni kugawa koleo na glavu, ndipo lilipotoka jina lake. Stoo alimjibu kwamba ukikaa karibu na waridi nawe utanukia, akaendelea kuchimba.

Basi watu wakachimba. Kamba za waya za kuanikia nguo ziling'olewa. Majirani waliokuwa hawasalimiani tangu ule ugomvi wa bomba la maji walishika kitanda kimoja, huyu kichwani, yule miguuni. Mmoja akakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, akaambiwa basi akamwambie dereva.

Ndipo mama yake Stoo akatoka akikokota kitanda chake cha springi, kile kile alichojifungulia mwanawe huyo wa pekee. Stoo alimsihi akirudishe, springi zingepatikana kwingine. Mama akakataa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, hapo hapo barabarani, mikono magotini.

"Nataka huyo dereva anione," alisema. "Hivi mwanangu, na yeye ana mama kweli?"

Stoo alimwomba jambo moja tu, kwamba lolote litakalotokea, arudi kibarazani kwake na asitoke hapo. Mama akakubali kwa shingo upande.

Kitanda hicho Stoo alikifukia mwenyewe, upande wa kulia, kwenye shimo refu kuliko yote. Akamwaga maji, akakanyaga, mguu ukazama hadi gotini. Akamwaga tena.

Kisha akanawa, akachukua mfuko wake, akaaga kwamba anawahi kazini.

Fundi viatu alitema mate chini. Alisema wapo wanaume ambao kazi huwaita siku ya vita tu. Mama alimtazama mwanawe kutoka kibarazani, na macho yale yalimuuma Stoo kuliko mate ya jirani. Alipita kwenye kichochoro, kichwa chini, akatokea barabara kubwa.

Tingatinga lilikuwa limeshashushwa kwenye lori. Msimamizi alikuwa akizunguka na simu sikioni, amenuna, na askari wawili wamesimama kivulini wakipiga miayo. Stoo alifungua mfuko, akavaa ovaroli na kofia ngumu.

"Umechelewa, dereva," msimamizi alisema, akamrushia ufunguo. "Panda. Wametupa takataka zao pale, pita juu yake."

Stoo akapanda, akawasha. Kule mbele aliona mawe yakiokotwa, na mama yake amesimama kibarazani.

Akalielekeza tingatinga upande wa kulia, palepale alipofukia kitanda.