Spana Namba Kumi

Kichwa chake kilikuwa chini, nyuma ya kiti cha nyuma, na miguu yake ilikuwa juu, kiatu kimoja kimeshamtoka. Mke wa mtunza stoo mstaafu, bibi wa wajukuu wanne, alikuwa analegeza nati ya gari la mumewe.

Kutoka bafuni ulisikika mluzi wa mumewe. Mluzi ukiendelea, yuko salama. Ukikatika, ana dakika mbili za kujinasua, kuvaa kiatu na kurudisha spana namba kumi ndani ya kopo la unga.

Lilikuwa gari kuukuu la milango miwili, lenye paa la turubai la kukunja. Paa hilo lilishikiliwa na vyuma viwili, kimoja kila upande, na kila chuma kilikuwa na nati yake. Nati ikilegea, paa hufunguka nusu, likakwama, likabaki limeinama kama mwavuli uliopigwa na upepo.

Alikuwa na sababu, tena nzito. Mumewe alipostaafu aliingia jikoni kumsaidia. Kwa wiki moja tu aliyokaa humo, makopo yote yalibandikwa namba, vijiko vilihesabiwa asubuhi na jioni, na mwenye jiko alipotaka chumvi aliulizwa ni ya kazi gani, kisha akatakiwa kutia saini daftarini. Angesema nini? Mtu kafanya kwa mapenzi.

"Mungu akuzidishie, mume wangu," alimwambia huku akitia saini ya chumvi. "Sijui nilikuwa naishije bila wewe."

Bahati nzuri, Jumatatu iliyofuata mume alilikumbuka gari. "Ngoja nilitengeneze kwanza," alisema. "Nikimaliza tu, nakurudia jikoni."

Hiyo "nikimaliza tu" ndiyo iliyomfundisha mama wa watu kutumia spana.

Ikapita miezi mitatu. Mzee alishona turubai kwa sindano ya magunia. Alibadilisha mipira ya madirisha. Alibandika gundi, nyingine ikamgandia kwenye nyusi, akashinda siku nzima na uso wa mtu aliyeshtuka. Muda wote aliongea na gari kama rika lake, akilipa pole na kuliuliza limelalaje.

Mke alimpelekea chai. "Taratibu, mume wangu. Haraka haraka haina baraka."

"Kweli kabisa," mume alijibu. "Tena kabisa."

Mambo yalimnyookea mno. Mtu aliyehesabu vijiko mara mbili kwa siku hakuuliza hata mara moja spana yake namba kumi imekwenda wapi. Na kuna siku alilegeza nati ya kulia tu, lakini mzee alipojaribu paa, likakwama pande zote mbili. Mama alicheka peke yake jikoni. Hata gari lenyewe lilikuwa upande wake!

Kisha Ijumaa, kinyozi wa jirani akachungulia juu ya ukuta, wateja wake wawili nyuma yake.

"Mzee, la kuvunda halina ubani! Lipeleke kwa wanunua vyuma chakavu, wewe upumzike!"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, mpaka wakaondoka.

Mkewe aliyaona yote dirishani, na moyo ukamsuta. Mtu mzima, baba wa watoto wake, kageuzwa kichekesho cha mtaa, na mchawi ni yeye. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imefika miezi mitatu. Alijiona mbaya sana. Siku hiyo hata kula hakula vizuri.

Jumamosi asubuhi, mluzi ulipoanza, alijipindua nyuma ya kiti kama kawaida. Safari hii alikaza. Alikaza nati ya kulia, akakaza ya kushoto, mpaka akaguna. Kisha akarudi jikoni, akatenga nafasi kwenye rafu, akaweka daftari na kalamu ya kutilia saini. Machozi yalimlenga. Alilipenda sana jiko lake.

"Leo litafunguka," alisema walipokaa kunywa chai. "Moyo wangu unaniambia."

Kikombe cha mume kilisimama njiani. "Leo?"

"Leo hii. Na jiko linakusubiri."

"Nimefurahi mno," alisema mume, akakirudisha kikombe mezani bila kunywa.

Mama akachukua kikapu aende dukani. Alipofika getini akakumbuka pochi, akarudi kwa mlango wa nyuma. Kupitia dirisha la jikoni akaliona paa linaanza kwenda. Lilifunguka nusu, likaipita ile nusu, likaendelea taratibu bila hata kulia, likajilaza nyuma lote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, jua liliingia kwenye viti.

Mama aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kidogo apige vigelegele. Jiko na liende. Heshima ya mumewe imerudi, na yule kinyozi aje sasa achungulie!

Mzee alilitazama paa kwa muda mrefu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akainama, akatoa spana namba kumi mpya kabisa ndani ya soksi, akajipindua nyuma ya kiti, miguu juu.

"Vumilia, mzee mwenzangu," aliliambia gari. "Miaka thelathini na miwili nimehesabu misumari. Nikikuponya leo, kesho yule mama ananirudisha kuhesabu vijiko."