Ushanga Shimoni

Salali alipita miche mitatu ya jinseng, ile yenye mizizi ya dawa, bila kuigusa, kama mila inavyotaka. Wa nne akauomba radhi, akapiga magoti na kuanza kuchimba. Ushanga wa kuacha shimoni, wa kuulipa mlima, ulikuwa mfukoni mwake.

"Dada, mwanao anakohoa kule nyumbani, wewe unabembeleza majani!" kaka yake alisema.

"Funga mdomo. Mzizi ukikusikia utajificha."

Mzizi ukatoka mzima, una miguu miwili kama mtu. Chini yake kulikuwa na kitu chekundu. Salali akakifuta kwa kidole gumba.

Ushanga. Umemeguka upande mmoja.

Kaka yake akachuchumaa, utani umemwisha. Mkufu wa shanga hizo alikuwa nao mama yao peke yake, na uliteketea pamoja na nyumba.

"Uchukue, dada. Hatuna kitu chake hata kimoja."

Salali aliufumbata hadi kiganja kikauma.

"Mama alikuja kuchimba huku lini?"

"Mara moja tu. Wewe ulikuwa mchanga, homa imekushika, watu wameshaanza kukulilia." Akaugusa mzizi uliotoka kuchimbwa. "Alirudi na mzizi mmoja."

Salali akafumbua kiganja. Akautazama ule ushanga kwa muda mrefu, kisha akaurudisha shimoni.

"Sasa unaurudisha wa nini?"

"Huu ulinilipia mimi," alisema.

Akatia mkono mfukoni, akautoa ushanga wa mwanawe, akaulaza kando ya ule wa mama.