Mkono wa Kulia

Nadhmi alikuwa akipima joto la maji kwa kiwiko pale mwenyekiti wa msikiti alipoingia chumba cha kuoshea maiti bila hata salamu.

"Hajji, funga bomba. Huyu kaua watu sita dukani na mji mzima wa Toledo unajua. Ukimwosha, kesho wanasiasa watasema ni kijana wetu."

"Nisipomwosha watasema nini?"

"Usijitie uwakili. Tumeshatangaza kwamba tumemkana. Watu wa televisheni wako nje."

"Na mama yake?"

"Yuko nje pia. Hakuna anayemsogelea."

Kwa miaka thelathini Nadhmi alikuwa ameosha waoka mikate, madaktari, hata mwanawe wa kumzaa. Kuosha huanzia kulia. Mkono wa kulia wa huyu ndio ulioshika bunduki, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino wa polisi waliochukua alama za vidole.

"Kama unatoka, toka," alisema. "Kama unabaki, nishikie ndoo."

Mwenyekiti hakutoka. Ndoo hakuishika.

Nadhmi alikunja mikono ya shati, akasema bismillahi, akaushika mkono ule. Akamimina maji juu ya kidole cha shahada, akasugua taratibu kwa kitambaa. Wino haukutoka.

Akamimina tena.