Maji Yenye Ladha ya Chuma

Bertilla alikuwa amekalia jiwe la chemchemi yake tangu asubuhi. Vibarua wa boma walisimama mbele yake na sururu mabegani, hawajui la kufanya. Kazini walifundishwa kung'oa visiki, si wajane.

"Shikamoo, mama," alisema Rafaeli, msimamizi wa maji ya mji, kijana aliyesomeshwa na mapadri wa Kaengesa.

"Marahaba, mwanangu. Rudini mlikotoka."

"Ni amri, mama. Maji yote ya watu binafsi hapa Sumbawanga yanaunganishwa na ya serikali. Tutachimba hapa, tujengee saruji, tuvute bomba hadi kwenye tangi la mji. Na wewe utapewa koki yako."

"Nipewe kilicho changu?"

Rafaeli aliinamisha kichwa. "Tangi halijai, mama. Tangu lijengwe halijajaa, masika wala kiangazi. Mzungu anatugombeza sisi."

Hiyo ilikuwa shida ya boma. Bertilla alikuwa na ya kwake.

Mumewe, Adriano, alikuwa kibarua wa boma vita ya Hitler ilipokwisha, akichimba mtaro wa bomba kutoka mlimani na kuunga vyuma. Kazi ile ilimkata ncha ya dole gumba, kisha ikampa homa ya mapafu, akafa bomba halijatiwa maji. Boma halikutoa hata ubao wa jeneza. Kitandani alimshika mkewe mkono akamwambia, "Usihame kiwanja hiki. Ndugu zangu wakija kukutoa, wewe kaa. Hutatupwa."

Na kweli walikuja, kwa kuwa Bertilla hakuwa amejaliwa mtoto. Walikuwa bado wanajadiliana nani achukue shamba na nani mbuzi, maji yakabubujika chini ya jiwe, karibu na tanuru bovu ambamo babu zake Adriano walikuwa wakiyeyusha chuma. Ndugu wakayaonja. Yalikuwa na ladha ya chuma. Wakatazamana, wakaaga, wakaenda zao bila hata kumaliza ugali.

Tangu hapo Bertilla aliishi kwa maji yale. Alimwagilia mboga akauza sokoni, na kila mavuno aliwanyunyizia wazee wa tanuru, walioleta maji yale, unga wa ulezi juu ya jiwe, ingawa padri alimkataza. Aliona aibu kwa jambo moja tu. Tanuru lao lilikuwa limeibiwa mirija yote ya udongo, ile ya kupitishia upepo, na yeye aliwashuku watoto wa jirani.

Chemchemi yenyewe ilikuwa na tabia zake. Kiangazi haikupungua. Jioni ilinyong'onyea, alfajiri ikarudi na nguvu. Bertilla alisema wazee nao huchoka.

Muhidin mwenye duka alinunua bomba kwa fedha yake, akayafikisha maji uani kwa Bertilla, nyumbani kwake na msikitini. Sasa alikuwa anarudi kutoka bomani, kofia mkononi.

"Nimewaomba hadi sauti imekauka, mama," alisema. "Wanasema usipoinuka utafungwa. Inuka tu."

"Nikiinuka nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Najua, mama. Lakini inuka."

Akainuka. Alitokwa na machozi mbele ya vibarua bila kujali nani anamtazama. Hakuwa na pa kwenda kusema, wala wa kumsemea.

Jiwe likaondolewa. Sururu zikaanza kazi, vibarua wakiyafuata maji kupanda mteremko wa kiwanja. Zilivunja vitu vya udongo mwekundu wa kuchomwa, vigae vikatupwa pembeni pamoja na matope.

"Vyungu vya zamani," kibarua mmoja alisema, akaendelea kuchimba.

Karibu na ua wa juu, sururu ikagonga chuma. Rafaeli akashuka mtaroni, akapangusa udongo kwa mikono. Lilikuwa bomba la boma lenyewe, na kwenye kiungo maji yalikuwa yakiruka.

Akasema taratibu, kama anayetoa habari za msiba, "Mama, maji haya si chemchemi. Ni ya boma. Kiungo kimelegea miaka yote hii. Ndiyo maana tangi halijai."

"Na wazee?" aliuliza Bertilla.

Rafaeli alichukua spana, akakaza. Kule chini, mahali lilipokuwa jiwe, maji yakakoroma kidogo, yakanyamaza. Muhidin akavaa kofia yake na kwenda kuwaambia watu wa msikitini.

Vibarua waliondoka wakicheka, kwa kuwa kazi iliyowatia hofu ilikuwa imekwisha mapema. Rafaeli alibaki nyuma kidogo, akatamka neno la pole, akawafuata.

Bertilla akabaki na shimo lake. Miaka yote alikuwa amewapa unga watu ambao hawakumpa kitu, na hilo lilimuuma kuliko kiu. Akaanza kuokota vigae, maana uwanja ni wake na hakuna mwingine wa kuufagia.

Kimoja hakikuwa kimevunjika. Alikifuta matope kwa ncha ya kanga. Ulikuwa mrija wa tanuru, umechomekwa kwenye mdomo wa mwenzake, na pale walipokutana pamezibwa kwa saruji ya boma. Juu ya saruji, iliyokauka zamani, palikuwa na alama ya dole gumba lisilo na ncha.