Sauti Ndani ya Modemu

Mwanahawa alihangaika siku nzima na modemu ya USB, ya kupigia simu kwa kompyuta kupitia waya wa simu ya mezani, mpaka kompyuta yake ya Linux ikaitambua. Ili kuijaribu, aliiamuru ipige namba pekee aliyoikariri, ya nyumba ya marehemu mama yake, iliyofungwa tangu mazishi.

Simu ikapokewa.

“Haloo?” Sauti ilitoka kwenye spika ndogo ya modemu.

Mwanahawa aliruka kitini. Ilikuwa sauti ya kaka yake Shebe, waliyemsomea hitima baada ya meli aliyosafiria kuzama.

“Kaka! Ni mimi!” alipiga kelele, lakini modemu haikuwa na maikrofoni.

“Haloo? Nani mwenzangu?”

Simu ya mezani ilikuwa kando yake, ila waya wake wa laini ulikuwa umechomekwa kwenye modemu. Mwanahawa aliushika, asithubutu kuuchomoa simu isije ikakatika, huku Shebe akizidi kuuliza.