Bangili ya Shaba

Muuguzi aliyewafungulia mlango alimgeukia mwenzake. "Hawa watu wa milimani, watoto wao wote vichwa haviko sawa."

Mama hakuelewa, maana lugha ya mji haijui. Nareya, binti yake, alielewa kila neno.

Ndani, Daktari Mwinyihija alimwambia Nareya, "Muulize mama kama wewe usiku unalala." Mkalimani hakuwapo ila mgonjwa mwenyewe.

Mama alijibu kwa lugha yao, macho chini. "Mwambie tangu kaka yako azikwe hulali. Unakaa mlangoni unamngoja. Mwambie naogopa."

Nareya alimtazama yule muuguzi wa mlangoni, aliyesimama sasa pembeni.

"Anasema nalala vizuri, daktari. Kichwa tu kinauma."

"Basi si neno," daktari akasema, akaandika dawa ya kichwa.

Mama akaliona tabasamu la daktari, akaamini ameambiwa yote. Akaivua bangili yake ya shaba na kuisukuma kwenye mkono wa daktari mpaka ikapita kiganja. Kwao, aliyepokea uchungu wa mtoto huivaa bangili ya mama hadi mtoto apone.

"Lo! Zawadi?" daktari akamuuliza Nareya.

"Ndiyo," akajibu. "Ni zawadi tu."

"Leo na mimi nitalala," mama alisema walipofika uani, akamshika kwa ule mkono uliobaki mtupu.

Nareya akageuka nyuma. Dirishani, daktari alikuwa akiivuta bangili kwa nguvu, na bangili haitoki.